Kanzu ni ya Nani? Tafakari kuhusu Mikeka



Naomba leo ufungue Injili ya Yohane, sura ya 19, aya ya 23 na 24. Askari wanne wamemaliza kazi waliyotumwa. Wamemsulubisha Yesu, wamegawana mavazi yake mafungu manne, kila mmoja na lake. Imebaki kanzu moja tu, iliyofumwa nzima bila mshono. Kuichana ni kuiharibu. Basi wanakubaliana kuipigia kura: atakayebahatika aichukue yote.

Waangalie vizuri hao askari. Hakuna aliyemwibia mwenzake pale. Kila mmoja ana nafasi sawa na wenziwe watatu. Desturi ya jeshi la Warumi iliwaruhusu wauaji kuchukua nguo za aliyeuawa, kwa hiyo hata ukiwauliza mambo ya sheria wako sawa. Kwa lugha ya leo tungesema wana leseni. Lakini kila Ijumaa Kuu habari hii ikisomwa kuna kitu kinatuchoma moyoni, na mimi nadhani ni kwa sababu ya mahali macho yao yalipokuwa. Mwenye kanzu yuko juu yao, anakufa. Mama yake amesimama hatua chache pembeni. Wao wanatazama chini, wanasubiri kura iangukie nani.

Nimeanzia hapo kwa sababu vijana tukikaa kujadili kubeti tunazunguka mambo yale yale: ni dhambi au si dhambi, ni halali au si halali, nani kala, nani kaliwa. Mara chache sana anatokea mtu wa kuuliza: hiyo kanzu ni ya nani?

Hapa Kaengesa jambo hili lilitufikia mezani. Kijana mmoja wa VIWAWA mkeka wake ulitiki. Mechi kumi, zote zikaenda alivyozipanga, kwenye simu ikaingia laki tano na ushee. Dominika iliyofuata baada ya Misa akamfuata mhazini wetu na laki moja mkononi, akasema ni mchango wake wa safari ya hija. Mhazini wetu ni binti makini kweli kweli. Hakuiandika kwenye daftari, aliileta kwenye kikao.

Kikao kikagawanyika. Wengine walisema hela ni hela, na safari inahitaji hela, tena mbona parokia nyingi huchezesha bahati nasibu ya kujenga kanisa na hakuna anayenung'unika? Wengine wakasema hiyo ni hela chafu, tusiinuse. Mmoja akasema kabisa kwamba ni haramu. Na lilikuwepo kundi la tatu, wavulana sita au saba na dada wawili, waliokaa kimya wakitazama sakafu. Hao ndio walionifanya niandike.

Nianze na hilo neno haramu. Kwa ndugu zetu Waislamu jambo liko wazi: Kurani katika sura ya Al-Maida, aya ya 90, inaitaja kamari pamoja na pombe, na waumini wanaamriwa waepukane nazo. Imeisha hiyo. Sisi Wakatoliki tumepewa njia ndefu kidogo, na wengi wetu tunaipenda kwa sababu isiyo nzuri. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inafundisha kwamba michezo ya bahati na kupigiana dau si kinyume cha haki kwa yenyewe. Ukimwambia hivyo mtu anayebeti anafurahi, anafunga kitabu. Lakini namba hiyo haijaisha. Inaendelea kusema kwamba michezo hiyo haikubaliki kimaadili pale inapomnyima mtu kile kinachohitajika kwa mahitaji yake na ya wengine. Inaonya pia kwamba tamaa ya kamari inaweza kumfanya mtu mtumwa, na kwamba udanganyifu ndani ya mchezo ni jambo zito.

Kwa hiyo kura yenyewe si dhambi. Mitume walipiga kura kumpata Mathia, soma Matendo 1:26, na hakuna aliyelala njaa siku ile kwa sababu ya kura. Hata tiketi ya bahati nasibu ya parokia, mimi naielewa hivi: anayenunua tiketi ya elfu moja anajua anachangia bati la kanisa, na akipata baiskeli anamshukuru Mungu. Sijawahi kuona mtu ameuza mbuzi wa baba yake ili anunue tiketi mia mbili. Angetokea, namba 2413 ingemkamata yeye, na ingemkamata pia paroko na kamati iliyomuuzia huku inamwona.

Sasa turudi kwenye hayo mahitaji, maana hapa ndipo penye uzito, hasa kwetu sisi wa Ufipa.

Matangazo ya kubeti yanapenda kutushauri tucheze kistaarabu, tuweke hela tuliyo tayari kuipoteza tu. Ushauri huo pengine una maana kwa mtu wa mjini mwenye mshahara kila mwisho wa mwezi. Jiulize kwetu una maana gani. Sisi tunalima mahindi, maharage, alizeti, ulezi. Hela inaingia kwa mkupuo, baada ya mavuno, gunia linapofika NFRA au linapochukuliwa na mlanguzi kwa bei anayotaka yeye. Baada ya hapo hela hiyo ile ile inatakiwa itembee mpaka mavuno mengine. Mwezi wa nane ukiitazama unaweza kudhani ipo tu, imelala. Mwezi wa kumi na moja mvua zikianza, hela ile ina jina, inaitwa mbolea. Mwezi wa kwanza inaitwa ada na sare za shule. Mtoto akiugua malaria usiku inaitwa nauli ya kumfikisha Sumbawanga mjini. Nyumba nyingi ninazozijua hapa hazina hela ya kupoteza. Zina hela ambayo siku yake haijafika.

Nilikaa na yule kijana, sisi wawili tu, nikamwomba anionyeshe hela ya kuwekea mikeka ilitoka wapi. Hakunificha. Mama yake hana simu, kwa hiyo malipo ya mahindi yalikuwa yanaingia kwenye laini ya kijana. Tulifungua meseji moja moja tangu mwezi wa saba. Elfu moja, elfu mbili, elfu tano siku za Jumamosi, mara moja elfu ishirini. Tulipojumlisha ilifika laki mbili na elfu kumi na nne kabla ya ule mkeka uliotiki. Juu yake kulikuwa na mkopo wa elfu sitini wa mtandaoni, hii mikopo tunayoiita kausha damu. Kinachonisumbua mpaka leo ni kwamba hakuwa anadanganya aliposema hajui amepoteza kiasi gani. Alikuwa hajui kweli. Elfu mojamoja hazipigi kelele zikiondoka.

Utaniambia, lakini si alishinda? Alishinda. Basi twende kwenye hesabu kidogo, nitaifanya rahisi.

Chukua mechi ambayo matokeo yake ni kama kurusha sarafu, nusu kwa nusu. Kama mchezo ungekuwa wa haki kamili, ukiweka elfu moja na ukashinda ungepewa elfu mbili. Kampuni haiweki mbili, inaweka tuseme 1.90. Hiyo 0.10 iliyokatwa ndiyo mkate wake. Inaonekana ndogo. Sasa panga mechi kumi za namna hiyo kwenye mkeka mmoja. Uwezekano wa zote kumi kutiki ni mara 1 katika 1,024. Malipo yake ni 1.90 ikizidishwa mara kumi, inakuja kama 613. Yaani kwa elfu moja yako unapewa shilingi 613,000, kabla serikali haijakata kodi yake.

Fikiria vijana 1,024 wa huku kwetu, kuanzia Kaengesa mpaka Laela na Mpui, kila mmoja ameweka elfu moja. Zimekusanyika shilingi 1,024,000. Kwa wastani mmoja wao anatiki, anaondoka na 613,000, na simu yake inapigwa picha inazunguka kwenye magrupu yote. Kampuni imebaki na zaidi ya laki nne. Vijana 1,023 wamechaniwa mikeka na hakuna anayezungushia picha zao.

Ile laki sita ilitoka wapi? Kampuni haina shamba linalozaa laki sita. Ni elfu moja za wale vijana 1,023, na kila elfu moja ilikuwa na jina lake kule nyumbani kwao. Mzee mmoja wa jumuiya yetu anapenda kuwakemea vijana kwamba kubeti ni uvivu. Mimi sikubaliani naye sana. Namjua kijana anayelima matuta tangu alfajiri na jioni anabeti. Si mvivu hata kidogo. Jambo linalonitia hofu ni jingine: anajifunza kuomba kimoyomoyo kwamba wenzake 1,023 washindwe ili yeye apate. Huwezi kusali Baba Yetu ukaomba mkate wa kila siku kwa ajili ya sisi sote, halafu ukatamani mkate wa hao sisi wengine uhamie kwako bila wao kupata chochote. Mfanyabiashara akiniuzia sukari, mimi nina sukari, yeye ana hela. Kwenye mkeka mimi nina nini? Nina hasira na golikipa wa nchi ambayo sijawahi kufika.

Najua upande wa pili una hoja zake, na si haki kuzipita. Michezo hii ina sheria. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, Sura ya 41, ndiyo iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na bodi hiyo inatoa leseni na kukagua. Kwa hiyo kijana aliyetimiza miaka 18 akibeti kwenye kampuni yenye leseni hajavunja sheria ya nchi. Kodi inalipwa, kwa kampuni na kwa mshindi, na tangu mwaka 2021 sehemu ya kodi ya kubashiri michezo imeelekezwa kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Watu wameajiriwa. Simba na Yanga zenyewe zilidhaminiwa na SportPesa kuanzia mwaka 2017, na mwaka 2022 Simba ikatangaza mkataba wa miaka mitano na M-Bet wa shilingi bilioni 26.1. Mimi ni mpenzi wa mpira. Sitajifanya sifurahi timu yangu inapokuwa na basi zuri.

Lakini angalia jinsi sheria yetu yenyewe inavyoona aibu kidogo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema makubaliano ya kupigiana dau ni batili. Mimi na wewe tukiwekeana dau chini ya mwembe, nikishinda ukakataa kunilipa, siwezi kwenda mahakamani nikakudai. Ndiyo maana ilihitajika sheria nyingine ya kufungua mlango kwa wenye leseni. Na sheria hiyo inakuuliza umri wako. Haikuulizi hela ni ya nani. Haiwezi kuuliza. Mtoto wa miaka kumi na sita anayetumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha kaka yake anapita. Mwenye miaka ishirini na mbili aliyeshika hela ya mbolea ya mama anapita bila swali lolote. Swali hilo limeachiwa dhamiri, na dhamiri ya saa sita usiku ukiwa peke yako na simu chini ya blanketi, wewe mwenyewe unajua huwa na sauti ndogo kiasi gani.

Majirani zetu wamejaribu kubana. Januari 2019 kule Uganda ilitangazwa kwamba Rais Museveni ameagiza leseni mpya za kubeti zisitolewe, na waziri aliyelitangaza anaitwa David Bahati, jina ni hilo kweli, sijalitunga. Mwaka huo huo Kenya iligoma kuhuisha leseni za kampuni 27, na mwaka 2025 ikasimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, kisha ikapitisha sheria mpya ya kudhibiti kamari. Kampuni nyingine zilifungwa, nyingine zikarudi, na wenye simu hawakuacha. Serikali inayokula kodi ya kitu inapata shida kukipiga vita kitu hicho kwa moyo wote. Sisemi isijaribu. Nasema usiisubiri serikali ije kukutoa simu mkononi.

Na simu ni jambo la pekee. Zamani mchezaji wa kamari alilazimika kwenda mahali, akaonekana. Hata mashine za bonanza zile za madukani, mama mwenye duka anakujua, anaweza kukwambia we mtoto nenda nyumbani. Sasa kuna kile kindege, Aviator. Wenye mchezo wanatangaza kwamba asilimia 97 ya hela inayowekwa hurudi kwa wachezaji. Vijana wananitumia hiyo namba kama ushahidi: unaona, wanachukua asilimia tatu tu! Ni kweli, tatu kwa kila mruko. Lakini kindege kinaruka tena baada ya sekunde chache. Ukianza na elfu kumi, na kila mruko ukarudisha chote kilichobaki, baada ya miruko mia moja kwa wastani unabaki na kama shilingi 475. Miruko mia moja ni usiku mmoja tu. Hapo ndipo lile neno la Katekisimu kuhusu utumwa linapata mwili. Utumwa si kupoteza hela. Utumwa ni kushindwa kuondoka ukiwa umepoteza, na kushindwa kuondoka hata ukiwa umeshinda.

Nabii Isaya, sura ya 65 aya ya 11, anawalaumu watu waliomwacha Bwana wakamwandalia meza mungu wa Bahati. Kumbe alikuwepo, na alikuwa na sadaka zake. Nilipoisoma aya hiyo nilizikumbuka zile meseji za elfu mbilimbili kila Jumamosi. Wapo miongoni mwetu ambao sadaka ya Dominika inawashinda, ni mia tano iliyokunjwa, lakini sadaka ya Jumamosi haijawahi kukosa.

Kwa wale waliokuwa wanatazama sakafu, nawapa rafiki. Anaitwa Mtakatifu Kamilo wa Lellis. Alizaliwa Italia mwaka 1550. Baba yake alikuwa askari na mcheza kamari, naye akawa askari na mcheza kamari. Alifukuzwa kazi katika hospitali ya Roma kwa sababu ya ugomvi na karata. Mwaka 1574 mjini Napoli alicheza mpaka akaisha kabisa, na inasimuliwa kwamba aliipoteza hata shati aliyoivaa. Akawa ombaomba mrefu mwenye kidonda mguuni, kisha akapata kibarua cha ujenzi kwa watawa Wakapuchini kule Manfredonia. Huko, tarehe 2 Februari 1575, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, alipiga magoti njiani akalia. Kidonda kilimzuia kubaki utawani, akarudi kwenye hospitali ile ile iliyomfukuza, safari hii akiwahudumia wagonjwa. Akaanzisha shirika la wahudumu wa wagonjwa, lile lenye msalaba mwekundu kifuani, na Papa Sisto wa Tano akalikubali mwaka 1586. Leo yeye ni msimamizi wa wagonjwa na wauguzi.

Ninachokipenda kwa Kamilo ni kwamba alikuwa anajua kuweka vyote. Mcheza kamari huyo huyo aliyekuwa anaweka mshahara mzima mezani, baadaye aliweka maisha yake mazima kando ya vitanda vya watu wenye tauni. Mungu hakuitupa ile tabia yake ya kutojibakiza. Aliigeuza mwelekeo. Kwa hiyo wewe unayekesha unachambua fomu za timu ishirini, unakumbuka majeruhi wote wa ligi ya Uingereza, sitaki kusikia unasema huna akili ya kusimamia kitu. Akili unayo nyingi tu. Ipo kazini kwa watu wengine.

Sasa laki moja ile. Kikao kilirudi baada ya wiki mbili nikaombwa niseme, nikasema hivi. Wale waliotaka tuikatae kwa kuwa ni chafu wanafanana kidogo na makuhani wakuu katika Mathayo 27:6. Yuda alipozirudisha zile fedha, makuhani walikumbuka sheria: hizi ni bei ya damu, haziingii kwenye sanduku la hekalu. Walikuwa makini sana na fedha, na mtu aliyezileta wakamwambia shauri yako. Akaenda kujinyonga. Sitaki VIWAWA yetu iwe na sanduku safi na kijana aliyetupwa nje. Lakini na wale waliotaka tupokee haraka ili basi lijae, nao nikawauliza swali la kanzu. Hela hii, kabla ya kuwa ya kwetu, ni ya nani?

Zakayo hakuanza kwa kuchangia hija. Katika Luka 19:8 anaahidi nusu ya mali kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu kurudisha mara nne. Tukamrudishia kijana laki yake tukiwa wawili, mimi na mhazini, bila kikao, bila aibu mbele za watu. Tukamwambia: mama yako anaidai laini yako laki mbili na kumi na nne. Kausha damu wanadai sitini na riba yake. Anza huko. Ukibakiwa, na moyo ukakutuma, njoo utoe hata elfu tano, tutaiandika kwa jina lako. Safari ataenda nasi kwa mchango wa wenzake, kama wanavyoenda wengine wasio na kitu.

Wapo waliosema tumekuwa wepesi mno. Katibu wetu bado hakubaliani nami, anasema tungeichukua na kuwapa wagonjwa, maana wale 1,023 hatutawapata kamwe tuwarudishie. Ana hoja. Tumekubaliana kutokubaliana mpaka paroko atakapotusaidia. Mama mwenyewe alipopewa hela yake hakujua kwamba iliwahi kutoka. Ilibidi kijana amwambie, na hiyo, aliniambia baadaye, ilikuwa ngumu kuliko maungamo.

Kwa yeyote anayetaka kuacha, haya ndiyo tunayofanya hapa. Hela ya mavuno ya nyumbani isikae kwenye laini ya mtu mmoja anayebeti. Iingie kwenye laini ya mama, au dada, au inunue mbolea mapema ikae stoo, maana mfuko wa mbolea huwezi kuubeti saa sita usiku. Fungua meseji zako, jumlisha tangu mwezi wa saba, andika jumla kwa mkono wako kwenye karatasi. Namba hiyo usiipeleke kwenye grupu. Mpelekee mtu mmoja unayemwamini, halafu uipeleke kwenye kitubio. Kama una mkopo wa kausha damu na unaona aibu, njoo na simu yako tukae. Tumeshakaa na watatu.

Na tarehe 14 Julai ni kumbukumbu ya Mtakatifu Kamilo. Inaangukia wakati mahindi yanauzwa na hela inaingia kwenye simu, kwa hiyo tumeomba Misa ya jioni siku hiyo. Mapadre watakuwepo kwa ajili ya maungamo kuanzia saa kumi. Aliye mbali na Kaengesa aungane nasi mahali alipo, na simu aiache nyumbani.